Niliisifia Filamu Isiyokuwepo

Kuna aibu ukiikumbuka unacheka, na kuna aibu inayokujia ukiwa unapiga mswaki, unasimama, unajitazama kwenye kioo, unaguna peke yako kama mgonjwa. Yangu ni ya aina hiyo ya pili. Nimekubali kuisimulia kwa sababu moja tu: watu wa Bunda wanaisimulia tayari, na wanaongeza chumvi.

Nilikuwa nimemaliza chuo, nipo kwa mama, mtaa wa Kamunyonge pale Musoma, natuma maombi ya kazi na kushtuka kila simu inapoita. Siku moja akapiga Madamu Nyangeta, mama anayesimamia ukumbi mpya wa vijana pale Manyamanyama, Bunda. Alitaka mtu wa kuendesha mijadala ya filamu kila Jumamosi. Jaribio lenyewe: nisimame mbele ya watu, nieleze uzuri na udhaifu wa filamu moja inayoonyesha shujaa alivyopata nguvu zake, kisha wote tuitazame. Nikipita, kazi ni yangu. (Mama alishatangaza kanisani kwamba nimepata, naomba mlielewe hilo.)

"Ipi unaijua vizuri?" akaniuliza.

Sikufikiri hata kidogo, na mimi hufikiria hata nisalimie kwa mkono gani. Nikataja ile ya fundi wa kuchomelea vyuma aliyepigwa na radi, mikono yake ikaanza kuvuta chuma. Madamu akaitafuta, akaniwekea kwenye flashi, akasema, "Kaiangalie kwanza, mdogo wangu."

Sikuiangalia. Hapo ndipo kila kitu kilipoanzia.

Sababu ni Makoko, mtaa wa kando ya ziwa hapohapo Musoma. Nilikulia kule, na filamu hiyo niliionea kwenye banda la video la Mjomba Magesa (si mjomba wangu wa damu, alikuwa mjomba wa mtaa mzima). Banda la mabati, mabenchi, harufu ya dagaa walioanikwa nje, na Mjomba amekaa pembeni ya televisheni na maiki, anatutafsiria. Shujaa kwake aliitwa Masatu na kwao ni Majita. Masatu akipaa juu ya mji mkubwa usiojulikana, Mjomba anasema, "Sasa anapita juu ya Musoma, kule chini ni Makoko, mwoneni Mama Nyakato anageuza dagaa," na sisi tunainuka kwenye mabenchi kumtafuta Mama Nyakato! Niliogopa kuiona tena nikiwa mkubwa, nisije nikaikuta imekuwa ndogo. Basi wiki nzima nikaitumia kuchagua kati ya shati jeupe na la bluu.

Siku ikafika, ukumbi ukajaa. Nikasimama na hofu yangu, lakini nilipoanza kusema ikaniachia. Nikasema uzuri wa kwanza wa filamu hii ni bibi. Shujaa amelazwa hospitali, bibi yake mwenye mvi anamshika paji la uso, anamwambia kwa upole, "Mjukuu wangu, nguvu hii hukupewa upige watu, umepewa ubebe watu." Mama mmoja mwenye kitenge akafuta jicho. Uzuri wa pili, nikasema, ni kisa cha mapacha: yule mwovu wa mwishoni ni pacha wa bibi, aliyemwonea ndugu yake wivu tangu utotoni, na mtunzi amelificha jambo hilo kwa ustadi mkubwa. Udhaifu? Katikati pana ukimya mrefu. Baba wa shujaa alimtoroka mwanawe na hatuambiwi kwa nini.

"Hapo mwandishi amezembea," nikamaliza.

Nilipigiwa makofi mazito. Madamu akatikisa kichwa kwa kuridhika, taa zikazimwa, projekta ikawashwa, na chini ya picha kulikuwa na maandishi ya Kiswahili.

Hospitali ikafika. Mama wa mvi akaingia.

"Kaka, huyu ndiye bibi?" kijana wa nyuma yangu akaninong'oneza.

"Ndiye. Sikiliza sasa."

Akamshika paji la uso, kwa upole uleule wa Makoko. Maandishi yakatokea: UKIMWAMBIA MTU YEYOTE, NITAKUZIKA UKIWA HAI.

Yule kijana akapaza sauti: "Bibi gani huyu jamani, wa kambo?"

Ukumbi ukalipuka. Nikajipa moyo kwamba maandishi yamekosewa, hutokea. Ikaja sehemu ya katikati, baba yake shujaa akaanza kuongea, akaongea, akaongea.

"Si ulisema hatuambiwi?" mama wa kitenge akanigeukia. "Mbona baba wa watu anaongea mpaka mate yanamkauka?"

Hapo ndipo nikakumbuka. Sehemu ile Mjomba Magesa alikuwa anaweka maiki chini na kwenda kula ugali kwake, na sisi tunabaki kutazama midomo inavyocheza.

Nikajua na pacha hayumo. Nikaamua kutoka kabla watu hawajagundua hayumo, lakini mlango ulikuwa mbele, karibu na pazia la kuonyeshea filamu. Nikawaza: nikitembea wima wataniona, nikiinama sitaonekana. Nikainama, nikasahau mwanga wa projekta. Kivuli changu kikapanda juu ya pazia kikubwa kama ng'ombe, wakati uleule yule mama wa mvi anamsukuma shujaa kutoka ghorofani.

"Pacha huyooo!" ukumbi mzima. "Pacha anatoroka!"

Madamu alinikuta nje. Hakuwa na hasira, na hilo lilizidi kuniumiza. "Mdogo wangu, filamu yako ilikuwa nzuri kuliko hii. Ila mimi natafuta mtu aliyeiona hii."

Jioni nikiwa Musoma, nimekaa kwenye mawe ya ziwani, nikampigia Mjomba Magesa. Siku hizi yuko Butiama, anafuga.

"Mjomba, kumbe yule hakuwa bibi yake Masatu!"

Akacheka mpaka akakohoa. "Wewe, kwani mimi nilikuwaga najua Kiingereza? Nilikuwaga naangalia sura. Adui anakushikaga paji la uso?"

"Na pacha?"

"Pacha nilimzaa palepale yule bibi alipomsukuma kijana. Ningefanyaje, banda limejaa watoto na mnalia?"

Nikamwambia nimekosa kazi. Akanipa pole, kisha akashusha sauti. "Sasa hebu niambie. Kile kipande nilichokuwaga naenda kula, baba yake alikuwaga anasema nini?"

Nikamtafsiria, mimi kwake. Kwamba baba naye alikuwa na mikono ileile, na kila alipombeba mtoto, misumari na visu vya nyumbani viliruka kuwafuata, kwa hiyo akaondoka ili mwanawe aishi.

Upande wa pili ng'ombe akalia, Mjomba akamnyamazisha.

"Masikini," Mjomba akasema. "Ningejua, ningekula baadaye."

Basi nimeapa: filamu niliyoisikia kwa mdomo wa mtu nitaipenda mpaka nife, lakini kusimama kuichambua mbele ya watu, sirudii. Kazi bado natafuta. Mwenye kusikia nafasi yoyote aniambie, isipokuwa Bunda.