Chuma Kinachojua Kungoja

Njia ya kupanda Nyandira inapita chini ya nyumba ya Editha, na chini ya nyumba hiyo kuna jiwe. Wote waliopanda wakibeba mizigo kichwani walisimama pale. Mpita njia alitua mzigo, akainua uso, akaita, "Wa juu, mpo?" Kisha akangoja. Sauti ilipanda polepole kupitia migomba na ukungu, na jibu likashuka polepole vilevile: "Tupo, wa chini. Umebeba nini?" Akasema alichobeba, njegere, chumvi, au habari ya harusi, ndipo akaambiwa, "Pita." Aliyepita bila kuita alikuwa mmoja tu, mbeba msiba. Huyo haamkii mtu wala hainui uso mpaka afike kwa mkubwa wa ukoo autue huko.

Siku hizi vijana wa bodaboda wanapita pale wakipiga honi, na watu wameshazoea kwamba honi haina maana yoyote. Sijui tulikubaliana lini. Mimi sikuulizwa, na ni mtoto wa milima ileile.

Lakini Kasimiri si kijana wa bodaboda. Ni mdogo wake Editha, tumbo moja, na ni jirani yangu hapa mjini, Kichangani. Alishuka mjini akiwa na miguu mizuri, akafanya kazi kwenye kiwanda cha magunia mpaka kiwanda kikafa, akazungusha mboga kwa baiskeli mpaka nyonga yake nayo ikachoka. Kelele za mashine zilimwachia tabia ya kunyamaza. Ukizungumza naye anainamisha kichwa kama anayesikiliza kitu nyuma ya maneno yako, na mara nyingi hujui kama yuko macho au anaota.

Binti yake Upendo, anayefundisha Mikese, alimnunulia injini ndogo ya petroli ya kufunga kwenye baiskeli, kitu cha ukubwa wa papai. Kuiwasha, unakanyaga pedali mpaka baiskeli ikimbie, kisha unaachia klachi. Kwenye tambarare Kasimiri aliliweza hilo. Mlimani, kwa nyonga ile, hapana. Na injini ilikuwa na ugonjwa wake: ikienda inakwenda, ukisimama inazima.

Juliana, binti wa Editha, alipojifungua hospitali mjini, Kasimiri ndiye aliyepaswa kupeleka habari, maana ndiye mjomba. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba wa mama ndiye humwingiza nyumbani. Akapanda na baiskeli yake. Alipokaribia jiwe akasikia injini inakohoa. Akawaza kwamba akisimama hapa itazima, na ikizima hatafika sokoni Nyandira kuchukua njegere alizoagizwa. Atapita sasa, atasimama akishuka, maana mteremko utamwashia. Akakaza macho kwenye matope, akapita.

Editha alikuwa barazani. Alimwona ndugu yake akitoka mjini alikolazwa mwanawe, akipita bila kuita, bila kuinua uso, akielekea juu kwa mkubwa wa ukoo. Simu yake ilikuwa dukani inachajiwa. Alijifunga kanga kiunoni, akapiga ukunga, yowe la msiba. Mlima wa pili ukaupokea, na wa tatu nao. Watu waliacha majembe kwenye kabichi, wakashuka.

Kasimiri aliporudi na njegere zake alikuta uani kwa Editha kina mama wamekaa chini, wanaume wanawasha moto. Akauliza amekufa nani. Wakamtazama yeye. Akasema, "Mimi nimeleta habari ya mtoto. Juliana hajambo."

Baadhi walicheka, kile kicheko cha woga. Editha hakucheka. Kumlilia mtu aliye hai ni kumwonyesha njia ya kaburini. Alisimama, akajikung'uta vumbi, akaingia ndani na kufunga mlango.

Tangu siku hiyo hakumwitikia. Kasimiri alipanda tena, safari hiyo kwa gari la mizigo, akasimama kwenye jiwe akaita mpaka sauti ikakauka. Mwishowe alishuka Petro, jirani wa Editha, akiwa na ujumbe.

"Dada yako anasema ulimpita na kile chuma, basi uje na chuma hichohicho. Ukisimamishe hapa, uite, ungoje, kisha uendelee na safari kama watu. Anasema kama hakiwezi kungoja mtu aitikie, hakina haki ya njia hii."

"Na mtoto?"

"Mtoto anaingizwa na mjomba. Na mjomba, kwa sasa, hana." Petro akajikuna shingo. "Mimi nimetumwa tu, mzee mwenzangu. Usinitazame hivyo."

Kwa hiyo Juliana alibaki mjini kwenye chumba cha kupanga, akimnyonyesha mtoto ambaye bibi yake hajamwona, akingoja injini ipone.

Kasimiri aliipeleka Msamvu kwa Abuu, fundi wa pikipiki. Abuu ni Mzigua, na Mzigua kwetu ni mtani, kwa hiyo hakuna adabu inayotarajiwa.

"Nyie Waluguru," Abuu alisema, akiwa amechuchumaa, "mnalia kwanza, maiti mnaitafuta baadaye."

"Tengeneza."

"Natengeneza. Ila siku nikifa mimi, msitume mtu mwenye injini. Mtazika jirani."

Alimwonyesha kabureta na skrubu ndogo ubavuni. Ukiikaza, mzunguko wa injini unapanda, nayo inanguruma hata baiskeli ikiwa imesimama. Ukiilegeza, inashuka mpaka inanong'ona. Abuu aliikaza kidogo, akailegeza kidogo, na injini ikatulia pale chini ya jua la Msamvu kama kuku anayeatamia. Kasimiri akafurahi. Alipanda nayo, na kabla hajafika Langali, alipojaribu kusimama, ikafa.

Akarudi kwa kuteremka. Abuu akaikaza zaidi. Safari ya pili ilifika mbali kidogo, ikafia kwenye ukungu.

"Basi," Abuu alisema, naye sasa hakuwa akitania sana. "Huku nairekebisha kwa hewa ya huku. Kule hewa nyepesi, petroli inaizidi. Nenda nayo ukairekebishe hukohuko inakozimika. Ikiwa ya moto, usikie mwenyewe." Akampa bisibisi yake fupi. "Na uirudishe. Najua mnavyorithishana vitu."

Asubuhi aliyoondoka nilimsindikiza mpaka barabarani. Alipita Mzumbe wanafunzi wakiwa bado wanapiga mswaki, akapita Mlali, akaanza kupanda, akikanyaga pedali pale injini ilipoomba msaada. Aliniambia baadaye kwamba kadiri alivyopanda ndivyo alivyohisi anarudi ndani ya kitu alichokuwa amekisahau. Harufu ya moshi wa kuni mbichi ilimfuata. Mara moja alidhani anamwona mama yake mbele, na tenga kichwani, akitembea ule mwendo wa watu wa zamani ambao hautikisi mzigo. Alipofika pale hapakuwa na mtu, kulikuwa na mgomba.

Kona moja kabla ya jiwe alisimama, mguu usiouma chini, klachi ameifunga kwa kitufe chake. Injini ikaanza kuzama. Akaingiza bisibisi, akakaza kwa upole. Ikapanda, ikapiga kelele, ikatikisa baiskeli nzima. Akalegeza. Ikashuka, ikasita, ikakosa pigo moja. Akafumba macho. Kiwandani alikuwa akizijua mashine zote kwa sauti, na mashine inayotaka kukatika nyuzi aliisikia kabla nyuzi hazijakatika. Sasa aliisikiliza hii ndogo vilevile, akaikaza kwa unene wa ukucha, na mapigo yakaanza kufuatana bila kugombana. Aliondoa mkono. Akangoja. Ukungu ulimpita, ukamlowesha kope, na injini iliendelea kunong'ona, haina haraka.

Akapanda mpaka kwenye jiwe. Akasimama. Akainua uso.

"Wa juu, mpo?"

Juu hakukuwa na kitu ila weupe. Mbwa alibweka mara moja akanyamazishwa. Kwa hiyo yupo, Kasimiri aliwaza. Hakuita tena. Kuita mara ya pili kabla ya kujibiwa ni kumsukuma mtu, na hilo hata wazee wetu walilikataza. Nyonga ilianza kumuuma. Injini ilishuka sauti, ikakohoa, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye skrubu, lakini akauzuia. Aliiacha. Ilijitafuta kidogo, ikajipata.

Wanawake wawili waliokuwa wakishuka na ndizi walifika pale, wakaona, wakatua mizigo bila kuuliza na kukaa juu ya jiwe.

Ndipo sauti ya Editha ikashuka, nyembamba, imezeeka kuliko alivyoikumbuka.

"Tupo, wa chini. Umebeba nini?"

Aliegemeza baiskeli kwenye nyonga yake nzima.

"Shikamoo dada. Nimebeba habari."

"Marahaba. Itue."

"Juliana amejifungua. Mtoto wa kike. Wote wazima."

Kila mtu kwenye milima ile alikuwa amekwisha kuijua habari hiyo, hata mbwa. Lakini ilikuwa haijatuliwa mahali pake. Kisha juu kikapigwa kigelegele kimoja, kirefu, na wanawake wa ndizi wakakidaka, na mlima wa pili ukakipokea kutoka kwao, na wa tatu, kwa njia ileile uliyopitia ukunga. Kasimiri alisema kilichukua muda mrefu kwisha, au labda hakikwisha, ukungu ndio ulikifunika.

"Wa chini," Editha aliita. "Hicho ndicho chuma chako kinachonguruma?"

"Ndicho, dada."

"Kumbe kinaweza kungoja."

"Kimejifunza."

"Kizime sasa. Kinanizibia sauti yako."

Kasimiri alishika kitufe cha kuzimia, akasita. "Nikikizima hapa hakiwaki tena mpaka nisukumwe."

"Kwani una safari?"

Akazima. Wanawake wa ndizi walimshikia baiskeli, mmoja mbele, mmoja nyuma, naye akaanza kupanda kijia cha nyumbani kwao, akichechemea.