Geum-ok Chini ya Paa Kubwa

Pyo Geum-ok alikuwa msichana muuza glavu jengo la duka lao lilipoporomoka. Walimtoa kwenye kifusi kesho yake, mzima wa mwili. Tangu hapo hakuingia tena kwenye jengo lenye paa kubwa. Hata harusi za ndugu zake alizingojea nje, kwenye maegesho ya magari.

Kazi aliyojifunza baadaye ilimfaa kwa kuwa ilifanyika nyumbani: kuchonga picha kwenye ubao, kuupaka wino, kulaza karatasi ya mforsadi juu yake na kuisugua mpaka picha ikubali. Alichonga vichochoro vya mtaa wao wa Incheon, na theluji juu ya mitungi ya kimchi, ile kabichi ya kuchachushwa. Rafiki yake Tak Myeong-suk, mchapaji mwenzake, ndiye aliyezipeleka picha hizo kwenye maonyesho ya sanaa ya Seoul kila mwaka, na ndiye aliyezirudisha. Watu walizisifu, wakauliza kama si kopi tu, kisha wakahamia kwenye picha za rangi za mafuta.

"Maneno yangu hayawatoshi," Myeong-suk alimwambia mwaka ule. "Wanataka kuuona mkono ukifanya kazi. Na mkono ni wako, dada, siwezi kuubeba kwenye begi."

Geum-ok alikubali kwenda, akajuta siku hiyo hiyo. Hamu ya kula ikamtoka. Siku ya maonyesho alisimama nje mpaka miguu ikafa ganzi, na alipoingia, masikio yake yote yalikuwa kwenye vyuma vya dari. Akaweka ubao mezani, akaanza kusugua, na watu wakamzunguka. Bibi mmoja mwenye kofia ya sufu alimuuliza: kama akichapa kumi, ya kweli itakuwa ipi? Geum-ok akaendelea kusugua tu.

Ndipo mafundi wa banda la jirani walipoangusha ukuta wa mbao. Sakafu ikatetemeka. Geum-ok alijikuta chini ya meza, mikono kichwani, akionja vumbi ambalo halikuwepo.

Myeong-suk akaingia kwa magoti, akajibanza kando yake.

"Sogea kidogo. Nimenenepa."

"Jengo limeanguka?"

"Mbao tu. Wameshaanza kulaumiana. Ukitaka kwenda nyumbani, tunaondoka wote."

Geum-ok alibaki pale chini kwa muda. Kisha akakumbuka kuwa wino ukikauka utaing'ang'ania karatasi, akatoka. Bibi yule alikuwa bado pale, ameishikilia karatasi pembeni isisogee. Geum-ok akaibandua. Katikati ya theluji palikuwa na doa lililofifia, mahali ambapo mkono uliacha kusugua. Alitaka kuikunja aitupe.

"Hapa ndipo uliposhtuka," bibi akasema.

"Ndipo."

"Basi hii haina pacha. Nifungie."

Waliosikia wakasogea, wakaanza kuuliza habari za wino, za ubao, za karatasi. Zikanunuliwa nyingine.

Siku hizi Geum-ok huenda kila mwaka. Hofu haijamwacha. Asubuhi ya maonyesho bado hutapika, na Myeong-suk humngoja nje ya choo cha stesheni.