Nyama ya Kaakaa kwa Jino la Papa

Papa yangu, baba aliyenizaa, alikuwa fundi wa mitambo kule kiwanda cha shaba cha Shituru, na jino lake moja la mbele lilikuwa la skrubu. Lile la asili lilivunjwa na chuma kazini, na kwa sababu enzi zile kampuni ya migodi ilikuwa bado na nguvu, ikampeleka Ulaya akapandikizwe lingine ndani ya mfupa wa taya. Alirudi anacheka hovyo ili watu waone.

Halafu nchi ikaanguka. Karakana zikafungwa, papa akabaki nyumbani, mtaa wa Panda, hana cha kukaza wala kulegeza. Basi akahamia kwa jino. Kila asubuhi alilisugua kwa brashi ngumu na majivu, kama tunavyosugua masufuria, maana kwake chuma kisichosuguliwa kinaliwa na kutu. Ufizi ukapanda kidogo kidogo mpaka skrubu ikachungulia. Akafuga sharubu kuificha. Mficha maradhi, kifo humuumbua: siku aliyotema damu kwenye uji, nilimkokota kwa dokta wa meno, mama mmoja aliyekuwa amebaki hospitali bila mshahara.

"Papa, hii chuma haishike kutu," alimwambia. "Nyama ndiyo inailinda. Nyama ikiisha, mfupa utafuata, jino litaanguka. Nani atakupa lingine leo?"

 Mimi nilijikasirikia, maana nilimwona akisugua miaka miwili nikadhani ni usafi.

Dokta akasema atamshonea nyama nyingine pale; glavu na uzi tulinunua wenyewe. Umeme haukuwako, dokta akamkalisha dirishani, akampiga sindano ya ganzi. Akakata kipande chembamba cha nyama kwenye kaakaa, kadiri ya ukucha, akakishona juu ya skrubu. Nilisogea nitazame. Kile kipande kilikuwa cheupe, kama kilichokufa kabisa.

"Usiguse, hata na kidole," dokta alisema. Papa alikalia viganja vyake wiki mbili. Kila asubuhi nilimfungua kinywa, nikaona weupe ule unageuka waridi, damu inaingia yenyewe. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, jirani wakasikia.

Baada ya mwezi dokta alitupatia kioo. Ufizi ulikuwa umefunika skrubu yote, lakini papa hakuuangalia. Aliinua kichwa, akatazama kaakaa, pale palipokatwa. Palikuwa pamejaa nyama mpya.

"Ku karakana," alisema polepole, "ukitoa kipuri ku mashine moja utengeneze ingine, ile ya kwanza inakufa. Tuliziua zote hivyo, miye na mikono yangu. Humu kinywani mulikatwa, na nyama imeota tena."

Akalia mbele yetu, na sikumnyamazisha.