Fundi Asiyepima

Kwa miaka ishirini na saba fundi huyu ameshona nguo mbele ya lango la shule yetu, na kwa miaka yote hiyo hajampima mtu. Futi ya kupimia anayo. Inaning'inia msumarini nyuma ya cherehani, namba zimefutika, na kazi yake ni kufukuzia nzi. Mteja akifika, fundi humtazama mara moja kuanzia utosini mpaka viatuni, huandika namba nne kwenye kipande cha boksi, basi. Ukimwuliza mbona hajakupima, anakucheka. Si ameshakuona?

Ufundi aliupata kwa mjomba wake, mzee aliyemchapa rula kila alipopima kitambaa mara mbili, eti kupima mara mbili ni dalili ya woga. Katika yote aliyofundishwa, hilo ndilo alilolishika. Sifa yake ilianza siku alipomshonea bwana harusi suti baada ya kumwona tu akivuka barabara, nayo ikamkaa kama ngozi. Kisa hicho amenisimulia mara tisa, na kila mara barabara inazidi kuwa pana.

Visa vya namna nyingine hana, kwa sababu havimfikii. Waliobanwa makwapani na ambao nguo ziliwapwaya kiunoni hawarudi kwake kugombana. Hupeleka nguo zao kimyakimya kwa mama wa kona ya pili, mwenye kibanda cha kurekebisha nguo, ambaye amesomesha watoto wawili kwa makosa ya fundi wetu. Fundi mwenyewe humwonea huruma mama yule. Husema hajui kushona, anajua kufumua tu.

Mwaka huu shule ilimpa kazi ya makoti kumi ya timu ya mdahalo. Alikuja akasimama dirishani mwa darasa langu, watoto wa miaka kumi na mitatu na kumi na minne wakiwa wamekaa, akamwuliza kila mwanatimu swali moja: baba yako nani? Nilidhani anapiga soga. Kumbe ndipo alipokuwa anapima.

Makoti yalipoletwa siku nane baadaye, la msemaji wetu mkuu lilikataa kufunga. Msichana huyo wenzake wanamwita Wakili, kwa ulimi wake. Mikono ya koti iliishia katikati ya kiwiko na kiganja, na alipoinua mkono, mgongo ulilia kama unataka kuchanika. La mtunza muda wa timu, mvulana anayeitwa Bosi kwa sababu baba yake ana duka la saruji, lilimmeza. Angeweza kumkaribisha mgeni humo ndani wakakaa kwa raha.

Nilimpeleka Wakili kwa fundi.

"Huyu si mtoto wa yule mbeba zege?" aliniuliza mimi, mtoto akiwa amesimama palepale.

"Ndiye."

"Basi koti ni lake. Watu wale hawana miili, Mwalimu. Huyu kanenepa ghafla."

"Kwa siku nane?"

"Watoto wa siku hizi," alisema, akarudisha mguu kwenye cherehani.

Hakusema kwa chuki. Angekuwa mtu wa chuki ningejua pa kumshika. Huyo mbeba zege ni rafiki yake, hucheza naye bao kila Jumapili, na kama ungemwambia fundi kwamba anamdharau angelia machozi ya kweli. Ni mjinga aliyeridhika, na sijui kitu kigumu kufundishika kuliko hicho.

Mama wa kona ya pili alifumua bitana ya koti la Wakili akakuta pindo la ndani jembamba kama uzi. Hapakuwa na kitambaa cha kuongeza. Akaniomba nimpelekee la Bosi alinganishe. Humo kila mshono ulikuwa na akiba ya vidole viwili. Mtoto wa mwenye duka ataongezeka. Mtoto wa mbeba zege, kwa hesabu za fundi, amefika mwisho.

Mdahalo ulikuwa Ijumaa, na sharti lilikuwa asiye na koti hapandi jukwaani. Wakili alikuwa amejiandaa miezi mitatu. Mkuu wa shule, mama asiyependa mambo kuchelewa, alitoa uamuzi bila kuinua macho mezani. "Koti lipo. Atafutwe mtoto wa kulivaa." Akamtaja msichana mmoja mwembamba wa mkondo mwingine, ambaye sijapata kumsikia akiomba hata chaki.

Jumatano darasa zima lilikuwa likimcheka fundi. Walimwigiza, wakakodoa jicho moja, wakaulizana baba zao. Niliwaacha. Kisha nikawaambia kila mmoja aandike kwenye karatasi, bila jina, upana wa mabega ya Wakili na ya Bosi waliokaa kwenye viti vyao. Na mimi nikaandika. Halafu nikatoa futi, nikawapima mbele ya wote. Bosi inchi kumi na tano. Wakili kumi na sita na nusu.

Kati ya karatasi thelathini na sita, ishirini na tisa zilisema Bosi ndiye mpana. Bosi mwenyewe alikuwa amejipa kumi na nane.

"Nyani haoni kundule," alisema mmoja wa nyuma, na hakuna aliyecheka.

"Lakini Mwalimu," mwingine akajitetea, "sisi hatukumfikiria baba yake."

"Hata fundi aliyeuliza angeapa hakumfikiria. Angesema alitazama tu, kama ninyi."

Wakili alikuwa bado amesimama mbele. "Na wewe Mwalimu, uliandika ngapi?"

Nilimpa karatasi. Mimi niliyemfundisha mwaka mzima, niliyemchagua mwenyewe kuwa msemaji, nilikuwa nimempa kumi na nne na nusu. Fundi alimkatia kumi na nne. Elimu yangu yote ya chuo ilikuwa imenizidishia nusu inchi. Aliisoma, akanirudishia kwa mikono miwili, kwa adabu nisiyoistahili.

Bosi ndiye aliyetoa koti lake mkobani. "Hebu jaribu hili. Mimi nazama humu."

Lilimkaa. Tukaenda kwa mkuu, akalikagua, akasema vifungo viko upande wa kiume.

"Mwalimu Mkuu," Wakili akamwambia, "ulisema koti lipo, atafutwe mtoto wa kulivaa. Nimelivaa."

Mkuu akavuta orodha, akafuta jina la yule mwembamba.

Ijumaa fundi alikaa safu ya tatu, akiwaonyesha majirani kazi ya mikono yake. Wakili aliinua mkono kila alipotaka na mgongo wa koti ukatulia. Bosi alikuwa mezani kwenye kengele, amebanwa ndani ya koti la mtoto wa mbeba zege, viwiko vimegandamana na mbavu. Dakika tano zilipotimia alijaribu kuifikia kengele akashindwa, akajaribu tena kwa kuinamisha mwili mzima, na kabla haijalia Wakili alikuwa amemaliza sentensi yake ya mwisho.