Tangi Nyuma ya Kitanda cha Kukhu

Tangi lilianza kutokwa jasho kabla mahindi hayajafika magotini. Ndivyo mama alivyouita ule unyevu kwenye matofali ya chini, uliokauka jua likiwaka na kurudi mvua ikinyesha. Lilikuwa limeegemea chumba cha kukhu, nyanya yangu mzaa baba, hapo kwetu Tongaren. Upande wa pili wa ukuta huo ndipo alipolaza kichwa chake.

Baba alilijenga hapo kwa ajili yake. Miguu ya kukhu ilikuwa imekataa njia ya kisimani, naye hakupenda kuwaomba wakaza wanawe maji kila saa. Baba alikuwa muuzaji katika duka la vifaa vya ujenzi Kitale, akilala mtaa wa Matisi huko huko na kurudi nyumbani Jumamosi. Huko dukani ndiko alikojifunza hesabu ya paa, akatuhubiria sisi sote: usipande juu kupima mteremko wa mabati, pima ardhi ambayo paa linaifunika, urefu mara upana, kisha zidisha kwa kimo cha mvua. Kimo alikipata kwa debe lililokatwa mdomo, aliloliweka uani mbali na miti. Msimu mzima wa mwaka uliotangulia, kila Jumamosi alitumbukiza rula, akasoma, akamwaga.

Hesabu yenyewe haikuwa na kosa, na jambo hilo linaniudhi mpaka leo. Ilisema mvua yetu ni haba, tangi dogo litatosha, tena litachukua msimu wote kujaa. Basi akajenga ukuta mwembamba, akaweka paipu nyembamba ya kutoa maji ya ziada.

Lilijaa kabla ya palizi ya kwanza.

"Baba watoto, hiyo ukuta inatoka jasho," mama alimwambia. "Na mama analala hapo."

"Ni simiti inakunywa maji. Si nilipima? Ati mvua inidanganye?"

Alicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa ndimi niliyefagia chumba kile. Paipu ilikuwa ikikohoa nje hata mvua ilipokatika, na nyuma ya kitanda palikuwa na ufa uliokuwa ukirefuka. Niliuogopa ufa ule kuliko nyoka. Nikamsihi kukhu ahamie kwetu, nikipaza sauti kwa sababu masikio yake yalikuwa mazito.

"Kuku wangu wamezoea huku," akanijibu, akageukia ukuta.

Jumamosi moja mvua ilinyesha tangu alfajiri, ikakatika alasiri. Baba alikuwa amefika na tulikuwa tukinywa chai. Kukhu tulimwacha amejinyoosha chumbani. Tukasikia kishindo, kama gunia la mahindi limeangushwa sakafuni, kisha maji ya matope yakapita chini ya mlango wake, yakibeba ndara yake moja.

Mlango haukufunguka. Tulizunguka nje mbio. Tangi lilikuwa limepasuka na ukuta ulikuwa umelala juu ya kitanda. Baba alitupa matofali kwa mikono, akiita, "Mama! Mama!" kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Mama yangu alipiga magoti kwenye matope akaanza kuomba.

Ndipo tukamsikia kukhu upande wa mbele, akimfokea jogoo.

Alikuwa ameinama kando ya debe la baba, ambalo hakuna aliyekumbuka kuliondoa baada ya kupima. Alichota kwa kikombe, akawamiminia vifaranga kwenye sahani yao. Mguu mmoja ulikuwa na ndara, mwingine mtupu.

Baba alisimama mbele yake, vidole vikitoka damu.

"Mama, unachota hapa tangu lini?"

"Tangu uniwekee, mwaka jana. Asubuhi na jioni kuku wangu wanakunywa hapa." Akayatazama matope yaliyomjaa. "Si uliniwekea sababu ya miguu yangu?"

Baba aliliangalia debe, lililokuwa likichotwa wiki nzima kabla ya rula yake ya Jumamosi. Kisha akamshika mkono ule wenye kikombe.

"Ndiyo, mama," akasema. "Nilikuwekea."