Mbio Tulizoziita Shamba

Nianze na ubishi, maana bila ubishi banda letu la gemu lisingekuwa banda. Swali lilikuwa moja tu: mbio zipi zinalipa? Si zipi tamu, wala si zipi za kujionyesha mbele ya wenzako. Zipi zinalipa. Kwenye gemu ile ya magari ulikuwa unashindana, ukishinda unapewa hela za humo humo ndani, na kwa hela hizo unanunua gari lenye nguvu zaidi la kukuingiza kwenye mbio kubwa zaidi. Kila mteja pale Ifakara alikuwa na jibu lake na alikuwa tayari kugombana kwa ajili yake. Mimi nilikuwa na jibu sahihi, na mpaka leo sijalibadili.

Banda lilikuwa la kaka yangu. Alipopunguzwa kazi kwenye miwa, upande wa Kidatu, alichukua kiinua mgongo chake akapanda treni kwenda Dar. Sisi nyumbani tulikuwa tunasubiri mabati. Akashuka stesheni na televisheni iliyoviringishwa blanketi, na mashine ya gemu ndani ya begi la nguo. Mama aliizunguka ile televisheni kama anayekagua mbuzi mgonjwa mnadani, kisha akasema, "Wenzako wamerudi na mabati. Wewe umerudi na picha." Afadhali angetukana.

Kaka akamwambia, "Nipe mpaka mavuno, mama. Ikishindikana nitarudi Kidatu kukata miwa."

Baba yetu alikata miwa mpaka mgongo ukamwisha, tukamzika bado ana nguvu za kucheka. Kurudi kwenye miwa kwa kibarua cha panga lilikuwa jambo ambalo hakuna mtu nyumbani kwetu aliyetaka kulisikia. Kwa hiyo tangu siku ile, watu walipokuwa wanaona vijana wanapiga kelele mbele ya televisheni, mimi nilikuwa naona mgongo wa kaka yangu.

Chumba cha mbele kikawa banda. Mimi ndiye niliyesimamia zamu, na mwiko mkononi, na ole wake aliyejifanya hajasikia zamu yake imekwisha. Wateja waliniita dada hata walionizidi umri. Mama alikaa chumba cha pili, ukuta mmoja na sisi, akichambua mboga au mchele, na hakuingia hata mara moja. Ukimsalimu shikamoo ukielekea kwenye gemu, alikuitikia marahaba huku anaangalia pembeni.

Sasa sikia utaratibu wetu. Gemu inahitaji kidude cha kutunzia ulichochuma, kinaitwa memori, chembamba, kidogo kuliko kiberiti. Bila hicho, ukizima mashine kila kitu kinafutika na kesho unaanza na kigari cha kutia huruma. Hela ya kaka ilitosha memori moja. Basi tukaamua gereji, yaani magari na hela zote za humo ndani, iwe moja, ya banda zima, na kila anayekuja kucheza lazima kwanza akimbie mbio moja kwa ajili ya gereji, ndipo achukue gari analotaka afanye fujo zake. Hiyo mbio ya kwanza tuliiita kwenda shamba. Hakuna aliyeshangaa. Ni vile vile tunavyopalilia mpunga kwetu, leo mnainama wote kwenye jaruba la huyu, wiki ijayo la yule. Mgeni aliyegoma nilimwonyesha mlango.

Na shamba likiisha, kabla hujafurahi, kabla hujajinyoosha vidole, banda zima lilikuwa linapiga kelele: "Weka!" Maana yake tunza kwenye memori sasa hivi. Umeme wa Ifakara unatoka Kidatu, hapo jirani, ungedhani ungefika kwetu kwanza ukakaa. Thubutu! Ulikuwa unakatika mtu yuko kona ya mwisho, anaongoza, na jasho lake lote linakwenda na maji.

Ndiyo maana ubishi wetu haukuwa kama wa watu wa mjini. Mbio zilizolipa kuliko zote zilikuwa zile ndefu, tuliziita Safari. Ukizimaliza unapata hela za kununua gereji nzima. Lakini zilichukua muda wa misa yenye ubatizo, na nani aliwahi kuona umeme wa Ifakara unavumilia misa yenye ubatizo? Wapo waliojaribu. Nilishuhudia mtu mzima, mpakiaji wa magunia, ameshika kichwa mbele ya kioo cheusi, anasema, "Nilikuwa wa kwanza, jamani, mliniona," na sisi tunamjibu tulikuona, pole.

Kulikuwa na zile za mlimani, tulizozipa jina la Mahenge kwa sababu ya kona. Fundi baiskeli mmoja kutoka Lupiro, aliyekuwa anavuka mto kila alipofuata vipuri, alizimudu vizuri mno. Alikuwa hakanyagi breki, analiacha gari liteleze kidogo tu, na ulimi umetoka nje. Alisema hizo ndizo zinazolipa. Kwake sawa. Wengine tukiingia Mahenge tunaishia ukutani, na hela ya ukutani ni sifuri.

Kaka alipenda za duara. Uwanja mviringo, kona hazina ubaya, unakanyaga mafuta mwanzo mpaka mwisho hata ukiwa na usingizi. Zinalipa kidogo, lakini zinalipa, na zinaisha upesi. Alinishangaza. Mtu aliyekuwa na ndoto za televisheni anapenda kazi ya kuzunguka mahali pamoja kwa ujira mdogo!

Jibu langu, lile sahihi, lilikuwa mbio za vigari vidogo. Wanaume walizidharau, wakasema ni magari ya walimu wa kike. Waache. Mbio zile zilikuwa fupi, unakimbia mara tatu tu umemaliza, na mshindi pamoja na hela anapewa gari bure. Gari lenyewe la kuchekesha, jekundu, linaunguruma kama kinu. Wao walikuwa wanaliacha gerejini linajaza nafasi. Mimi nikaenda kwenye ukurasa wa kuuzia, nikaliuza. Nikarudi, nikashinda, nikapewa jingine, nikaliuza. Fundi baiskeli akasimama nyuma yangu, kisha akasema, "Aisee dada, kumbe wewe una mnada humu ndani." Jina likabaki, mbio zile tukaziita Mnada. Walioziita za walimu wa kike wakaanza kupanga foleni.

Tulikuwa tunachumia gari moja jeupe lenye mkia mkubwa nyuma, ghali kupita akili. Vijana waliopita barabarani walikuwa wanaingiza kichwa mlangoni kuuliza tumefika wapi. Hilo ndilo lililotuweka mjini, maana karibu na stesheni lilifunguliwa banda jingine lenye televisheni mbili na feni. Lakini kule kila mtu alikuwa anaanza upya peke yake, kisha anakwenda zake. Kwetu mtu alikuwa ana sehemu yake kwenye lile jeupe, na mtu haachi jaruba alilopalilia.

Mvua za mwaka ule zikaangusha nguzo ya umeme. Siku nyingi tukawa gizani, na unyevu ukaingia kila kitu, viatu vikaota ukungu, kiberiti hakiwaki. Kaka akaogopea memori. Akafanya kile ambacho mtu yeyote wa Ifakara angefanya: akaizamisha katikati ya gunia la mpunga wa mwaka jana, chumbani kwa mama, kwa sababu hakuna kitu kikavu kuliko gunia la mpunga ndani ya nyumba. Hata saa ya baba ilikuwa inakaa humo masika. Akaniambia mimi tu, na mama hakumwambia, akihofia kuchekwa.

Kwa kuwa umeme haupo, tukaenda shambani kuamia ndege wasimalize mpunga mpya. Jua likatoka siku hiyo. Tuliporudi jioni nyumba imefungwa, na jirani akatupa ufunguo na habari: mama amekwenda Lupiro, amefiwa na dada yake. Ameondoka haraka na watu waliomfuata, sisi tubaki tulinde nyumba. Na mpunga tayari ameshaupeleka mashineni, ile ya dizeli, mchele huo hapo ndani.

Kaka aliingia chumbani mbio. Nikamfuata. Gunia lilikuwa limekunjwa vizuri, tupu, limewekwa juu ya sanduku.

Tulikimbia mashineni. Mwendesha mashine alijikuna, akasema, "Ule wa mama yenu? Ee, kuna kitu kiligonga humo. Nikadhani jiwe." Mama yangu wee! Kesho yake nilitangaza kwa wateja, na walikuja, namshukuru Mungu kwa hilo, wakaja na nyungo za wake zao. Tulipepeta lundo la pumba nyuma ya mashine mpaka tukawa na nyusi nyeupe kama wazee. Mpakiaji wa magunia alikuwa anapiga chafya na kulaani kwa zamu. Tulipata msumari, kifungo cha shati na mawe. Memori hatukuipata, na pumba nyingine ilishachukuliwa na wenye kuchoma matofali.

Umeme ukarudi, tena wenye nguvu, kama wa kutukejeli. Tukawasha. Gereji tupu, kigari kimoja cha kuanzia. Wateja walikaa kidogo, wakaangalia, wakasema pole dada, pole kaka, na mmoja mmoja akaelekea stesheni kwenye feni. Sikuwalaumu. Niliwachukia tu. Fundi baiskeli peke yake ndiye aliyekuwa anapita kusalimu, anasimama mlangoni na spoki mkononi.

Kaka hakukasirika, na hilo lilinitisha kuliko hasira. Aliviringisha televisheni kwenye blanketi lile lile. Akanoa panga, akalifunga kwa gunia, mpini nje, akaliweka mlangoni pamoja na begi. Nikamwambia mavuno bado. Akasema, "Mavuno ya nini? Nimeahidi, narudi kwenye miwa." Nikamtukana, nikalia, nikamtukana tena. Aliendelea kukunja mashati.

Mchana ule ule mama akarudi, miguu imejaa tope la upande wa pantoni. Tukampokea mzigo. Shikamoo mama, pole na msiba. "Tumeshapoa, wanangu," akasema, na sauti imekwisha kwa kulia. Kisha akauona ule mpini mlangoni.

"Panga la nani hilo?"

"Langu, mama," kaka akasema. "Kesho naondoka na basi la asubuhi. Kidatu."

"Na picha zako?"

"Zimekwisha. Niliweka kile kidude kwenye mpunga, kikasagwa mashineni. Ulisema kweli tangu mwanzo."

Mama akakaa kwenye kigoda pale pale, viatu havijavuliwa. Akavuta pembe ya khanga, ile anayofungia hela, akaanza kufungua fundo kwa meno maana lilikuwa limekazwa vibaya. Zikatoka noti mbili zilizolowa jasho, rozari ya marehemu, na memori.

"Hiki?"

Kaka akachuchumaa mbele yake, akakitazama.

"Niliuanika mpunga juani usije ukakatika mashineni, nikakikuta," mama akasema. "Nikajua ndicho. Miezi yote niko hapo ukutani, nasikia akiba, nasikia gereji, nasikia jeupe. Mara wanakuja kuniita kwa msiba. Ningekiacha wapi, panya walivyojaa humu? Nimelala nacho matangani. Kwenye pantoni nimekishika hivi," akaonyesha ngumi kifuani, "watu wakadhani nina kifua."

Nikamwangukia magotini nikalia kama niliyefiwa mimi. Akaniambia niondoke, namchafua. Fundi baiskeli, aliyekuwa anapita kusalimu, aliona kidude mkononi mwa mama, akaitupa baiskeli yake chini na kukimbilia kufungua blanketi.

Memori ilisoma polepole. Nilikuwa nimeziba macho. Niliposikia fundi anasema "Yesu na Maria," nikafungua. Magari yote yalikuwepo, mstari kwa mstari, na hela zetu zote juu kwenye kona. Moyo ulinishuka mahali pake nikakaa chini. Kwa lile jeupe ilikuwa imebaki kidogo sana. Shamba moja tu.

Kaka akashika pedi ya kuchezea. Akaniangalia, na badala ya duara zake akachagua Mnada. Kwa mara ya kwanza sikujigamba. Akakimbia ya kwanza, ya pili, ya tatu, kigari kinaunguruma, akashinda kwa nafasi ya mkono. Akapewa gari, akaliuza. Hela zikapanda, zikafika. Kisha akabaki anaangalia kioo, machozi yanamtoka, pedi mapajani. Mimi ni hivyo hivyo. Fundi ni hivyo hivyo. Taa juu yetu ikaanza kufifia, ikashika, ikafifia tena, na sisi watatu tumekaa tu kama wajinga.

"Weka!"

Tuligeuka. Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa banda, khanga begani, amekunja uso.

"Weka kwanza, baba. Utalia baadaye."

Kaka akaweka. Umeme ukakatika hapo hapo, na tukacheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini kwenye nyumba ya msiba. Mama aliinama mlangoni, akalifungua panga kutoka kwenye gunia, akaenda nalo uani kupasulia kuni za chakula cha jioni.