Radieta Nilizozikatalia Zisitolewe

Nilizaliwa Njombe, kwa hiyo baridi naijua. Ndiyo maana nilibishana na mwenzangu.

Yeye ni mama wa Lubumbashi, mfanyabiashara wa nguo kama mimi. Tulikodi nyumba kuukuu hapa Guangzhou, China, tuikarabati na kuwapangishia vyumba wanunuzi wanaotoka nyumbani. Chini ya kila dirisha tulikuta radieta ya chuma, nzito, yenye mbavu, ya kupitisha maji ya moto ili chumba kipate joto. Katika mji huu ni nadra kuziona. Aliyekaa humo zamani alitoka kaskazini kwenye baridi kali, akazifunga pamoja na boila ya gesi ya kuchemshia maji jikoni.

“Ah non, dada,” mwenzangu alisema. “Hivi vyuma vinakula nafasi ya vitanda. Tuvitoe.”

Fundi wetu, Mchina, naye akapunga mkono. “Bu yao, bu yao!” Hazitakiwi. Msumeno alishaushika.

Nikasimama mbele ya radieta ya sebuleni. “Zijaribiwe kwanza. Zikivuja, nitazibeba mwenyewe mpaka barabarani.”

Fundi akajaza maji huku amenuna. Ya chumba cha nyuma ilitapika maji ya kutu, tukaing’oa. Zilizobaki hazikutoa hata tone. Tukazikwangua, tukazipaka rangi nyeupe, vitanda tukavihamishia ukuta wa pili.

Wapangaji wa kwanza waliingia wakati wa joto, wakazigeuza pa kuwekea mabegi. Kila mara mwenzangu alinionyesha mabegi hayo kwa kidole.

Kisha ikaja Januari na baridi yake ya unyevu, ile inayoingia hadi kwenye magodoro. Jioni moja wapangaji walirudi kutoka soko la nguo la Shahe wamelowa mvua, meno yanagongana. Nikawasha boila. Mabomba yakanguruma, halafu kimya. Mara mama mmoja wa Mwanza, aliyekuwa ameegemea radieta ya dirishani, akaruka.

“Jamani! Inachoma!”

Haukupita muda soksi zikawa zinakauka juu ya kila radieta, watu wamevua makoti, wanataniana. Mwenzangu alivuta kiti, akaupa joto mgongo, akafumba macho.

“Bon,” akasema. “Umeshinda.”

“Sema kwa sauti, wote wasikie.”

Akainuka, akatangaza. Wakapiga makofi nyumba nzima, nami nikayapokea yote, sikuona haya hata kidogo.